Cheo cha Waziri Mkuu Hakiufanyi Mfumo Kuwa wa Kibunge

Kila mjadala wa katiba unapofufuka Kenya au Tanzania, huulizwa swali lile lile: je, waziri mkuu mwenye nguvu hatapunguza madaraka ya rais? Swali hilo limekosewa tangu mzizi wake, kwa sababu mfumo wa urais na mfumo wa kibunge haitofautishwi na majina ya vyeo, bali na namna mkuu wa serikali anavyopata kazi yake, na nani awezaye kumwondoa kabla ya uchaguzi mwingine.

Afrika Kusini ina rais, lakini mfumo wake ni wa kibunge, kwani rais huyo huchaguliwa na wabunge, nao wanaweza kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani, yaani azimio la walio wengi kwamba hawamtaki tena, hata kama hajavunja sheria yoyote. Ndiyo maana chama cha ANC kilipopoteza wingi wa viti mwaka 2024, Rais Cyril Ramaphosa alilazimika kutafuta washirika ili abaki madarakani. Tanzania ina waziri mkuu anayejibu maswali bungeni, lakini huteuliwa na rais kabla ya kuthibitishwa na Bunge, na Waziri Mkuu Edward Lowassa alipojiuzulu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, aliyeunda upya baraza la mawaziri alikuwa rais yule yule. Kenya ilikwisha kuijaribu dawa hii ya cheo cha waziri mkuu: Raila Odinga, waziri mkuu wa serikali ya mseto, aliwasimamisha kazi mawaziri wawili Februari 2010, na Rais Mwai Kibaki akalitengua agizo hilo. Kuendelea kuwauzia wananchi cheo hicho kama tiba ya uchaguzi wa kufa na kupona ni kuwapotosha.

Mfumo wa kibunge nao una gharama zake, kwani Lesotho, ambako miungano ya vyama ilivunjika mara kwa mara, ilifanya uchaguzi mkuu mwaka 2012, 2015 na 2017. Anayeutaka anaweza kuiga Ujerumani, ambako Bunge halimwondoi mkuu wa serikali bila kumchagua mrithi wake papo hapo. Anayependelea urais, wenye muhula unaojulikana na kiongozi aliyechaguliwa na wananchi wenyewe, adai Bunge lisiloweza kuvunjwa na rais na uteuzi unaochujwa kwelikweli. Vyovyote iwavyo, msomaji atakayeletewa rasimu ya katiba na aanze na ibara za kumwondoa mkuu wa serikali, ndipo asome orodha ya vyeo.