UZI: Walimu wa kigeni Korea Kusini na malipo ya kazi ya ziada. Tuelewane polepole

1/
Kila mjadala wa ajira za ng'ambo ukipamba moto, kuna anayesema vijana wetu waende kufundisha Asia, na kuna anayejibu ati huko ni utumwa mtupu. Leo tuache makofi ya jukwaani. Tuchukue nchi moja, Korea Kusini, na swali moja: mwalimu mgeni akipewa kazi zaidi ya aliyosaini, analipwaje? Sitaji mwanasiasa wala chama. Twende.

2/
Kwanza tuwajue walimu wenyewe. Wengi wanafundisha Kiingereza, na wako mahali pawili.

Kuna shule za serikali, ambako wengi huingia kupitia mpango wa EPIK ulioanza 1995.

Halafu kuna hagwon. Hizi ni shule za kulipia ambako watoto huenda wakishatoka shule ya kawaida. Fikiria tuisheni, lakini yenye jengo lake, gari lake na ada ya kila mwezi. Ni biashara. Jijini Seoul sheria inazilazimisha kufunga saa nne usiku, sasa piga picha wewe zinafungua hadi saa ngapi.

3/
Tuanze na shule za serikali. Kandarasi ya EPIK kwa kawaida ina namba mbili:

Saa 40 kwa wiki za kuwa kazini.
Vipindi 22 kwa wiki vya kufundisha.

Kipindi ni dakika 40 shule ya msingi, 45 shule ya kati na 50 shule ya upili. Ugomvi mwingi unaishi kati ya hiyo 22 na hiyo 40.

4/
Mfano. Jumatatu asubuhi unaambiwa, "Mwalimu, mwenzako ameenda likizo ya uzazi, tushikie vipindi vyake vitatu." Sasa una vipindi 25. Lakini saa ya kuingia na ya kutoka ni ile ile.

Je, hiyo ni ovataimu?

Kwa sheria ya kazi, hapana. Sheria inahesabu saa, na wewe hujapita 40. Kwa kandarasi, ndiyo. Kandarasi inahesabu vipindi, na umepita 22 kwa vitatu. Kwa hivyo hapa haki yako haitoki bungeni, inatoka kwenye karatasi uliyosaini. Ndiyo maana mwalimu asiyesoma kandarasi yake anaweza kufundisha vipindi vitatu vya bure kila wiki mwaka mzima na asijue.

5/
Shule nayo ina jibu: "Lakini wiki jana kulikuwa na mitihani, ulifundisha vipindi 15 tu. Tusawazishe."

Inasikika kama maneno ya busara, sivyo? Rudi kwenye karatasi. Kama imeandikwa "kwa wiki", basi wiki ni wiki. Mwajiri angetaka wastani wa mwezi, angeandika hivyo kabla hujasaini. Huwezi kubadilisha kipimo baada ya unga kupimwa.

6/
Kuna pia kambi za Kiingereza wakati wa likizo, na masomo ya baada ya saa za shule. Hapa ndipo manung'uniko ni mengi.

Kambi ya wiki mbili inahitaji masomo mapya, michezo, vifaa, yote kuanzia sifuri. Lakini kinachohesabiwa ni kipindi darasani. Maandalizi hayana mstari wao kwenye malipo. Kama vipindi vya kambi havijapita 22, shule itakwambia hiyo ni kazi yako ya kawaida, na mara nyingi kandarasi itakuwa upande wake.

7/
Sasa sheria yenyewe. Sheria ya Viwango vya Kazi ya Korea inasema hivi:

Kazi ya kawaida ni saa 8 kwa siku, 40 kwa wiki.
Kwa makubaliano, unaweza kuongezwa saa 12 kwa wiki.
Kila saa ya ziada hulipwa mshahara wa saa hiyo pamoja na nyongeza ya 50%.
Kazi ya kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza yake ya 50%.
Siku ya mapumziko, nyongeza ni 50% kwa saa 8 za kwanza, na 100% ukizipita.

Na kifungu cha 6 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya uraia wake. Kwa hivyo "wewe ni mgeni" si sababu ya kulipwa pungufu.

8/
Tupige hesabu. Tuseme mshahara wako ni won 2,400,000 kwa mwezi. Korea hugawanya kwa 209, ambazo ndizo saa za mwezi kwa mtu wa saa 40, ikiwemo siku ya mapumziko inayolipiwa kila wiki.

2,400,000 ÷ 209 = kama won 11,483 kwa saa.
Weka nyongeza ya 50%: kama won 17,225.

Ukibaki kazini baada ya saa 40 na mwajiri akupe won 15,000 kwa saa huku akisema "ni zaidi ya kima cha chini", anasema kweli. Kima cha chini cha 2025 kilikuwa won 10,030. Lakini bado amekula won 2,225 zako kila saa. Kima cha chini na ovataimu ni vitu viwili tofauti.

9/
Mianya nayo ipo, hasa upande wa hagwon. Mitatu tu:

Wa kwanza: mahali penye wafanyakazi chini ya 5, sheria hailazimishi ile nyongeza ya 50%. Hagwon ndogo ziko nyingi.

Wa pili: unaandikishwa kama mtu anayejitegemea, unakatwa kodi ya 3.3%, basi. Ghafla huna ovataimu wala kiinua mgongo, kwa sababu "wewe si mfanyakazi wetu". Mahakama za huko zimewahi kuamua kwamba jina kwenye karatasi halitoshi. Kama mwajiri ndiye anapanga saa, mahali na namna ya kufundisha, wewe ni mfanyakazi.

Wa tatu: kandarasi inasema mshahara "umejumuisha kazi zote za ziada". Mahakama huuliza, je, saa zinaweza kuhesabiwa? Kama zinaweza na malipo yako chini ya sheria, tofauti inadaiwa.

10/
Utauliza, sasa mbona walimu wanyamaze? Jibu ni viza.

Viza ya E-2 imefungwa kwa mwajiri. Kuhama kabla ya kandarasi kuisha, mara nyingi unahitaji barua ya bosi yule yule unayemdai. Nyumba pia mara nyingi ni ya mwajiri. Ukigombana naye Ijumaa, unahesabu kazi, kitanda na ruhusa ya kukaa nchini kwa pamoja. Na kufundisha mtoto wa jirani pembeni ili kujazia bila kibali ni kosa la uhamiaji.

Haki iko kwenye kitabu. Lakini anayeidai anaweka maisha yake yote mezani.

11/
Tusikie upande wa pili, tusiwe mashabiki. Wapo Wakorea wanaouliza: mgeni anapewa nyumba, mara nyingi na tiketi ya ndege, huku mwalimu Mkorea wa masomo ya jioni analipwa kwa saa bila hayo yote. Kwa nini sauti ya mgeni ndiyo isikike?

Swali ni la haki. Lakini jibu lake si kumpunja mgeni. Mgeni akifanyishwa kazi ya bure, anayeumia wa pili ni huyo Mkorea, kwa sababu mwajiri ameshapata mtu wa bei rahisi.

12/
Anayedai hufanya nini? Anaandika. Tarehe, kipindi, aliyemtuma, ujumbe wa simu wa kuagizwa. Halafu anapeleka malalamiko ofisi ya Wizara ya Ajira na Kazi ya eneo lake, na halazimiki kuwa na wakili. Deni la mshahara lina miaka 3 kabla halijapitwa na wakati. Ukiacha kazi, mwajiri ana siku 14 kumaliza kukulipa. Na kiinua mgongo ni angalau mshahara wa siku 30 kwa kila mwaka, ukitimiza mwaka.

13/
Sasa sisi Wakenya. Hii sehemu tafadhali mtumie mdogo wako.

Viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza hutolewa kwa kawaida kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo, hata kama Kiingereza chako kinang'aa. Wakala akikudai pesa ya "kazi ya ualimu Korea", muulize kwanza: viza gani, na imeandikwa jina la mwajiri yupi? Akianza kuzunguka, shika mkoba wako uende nyumbani.

14/
Na usidhani jambo hili liko mbali. Katiba yetu, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Lakini muulize mwalimu yeyote aliye karibu nawe kuhusu vipindi vya alfajiri, na nani anavilipia. Muulize mwalimu wa mkataba wa mafunzo kama vipindi vyake ni vichache kuliko vya jirani yake wa kudumu.

15/
Kwa hivyo mwanasiasa yeyote akiahidi kazi za ng'ambo, au akisema walimu wanalalamika sana, muulize matatu:

Kazi inahesabiwa kwa saa au kwa vipindi?
Ya ziada inalipwa kiasi gani, na imeandikwa wapi?
Mtu akidai chake, anapoteza nini?

Akijibu hilo la tatu bila kuzunguka, msikilize. Mwisho wa uzi.