Kupunguza uzito bila kujitesa: anza na kikombe cha chai

Ukipungua mwili kijijini, watu hawakuulizi umefanyaje. Wanauliza, "Vipi, unaumwa?" Wengi tumekua tukiamini kwamba unene ni dalili ya neema nyumbani na kitambi ni cheti cha mwanamume aliyefanikiwa. Mama akitoka uzazi amenenepa, anasifiwa kwamba ametunzwa vizuri. Kisha UKIMWI na kifua kikuu vikatufanya tuogope wembamba zaidi. Ndiyo maana kila tukiigusa mada hii hewani, ujumbe wa simu unamiminika, na mwingine ni wa utani mtupu.

Lakini presha, kisukari na magoti yanayouma havichagui mjini wala kijijini. Mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo huizuia insulini kufanya kazi yake, yaani kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini itumike. Mafuta hayo huchangia pia kupandisha presha. Kinachotia moyo ni kwamba huhitaji kurudia mwili wa ujana wako. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo tano hadi tisa tu, presha na sukari vinaweza kushuka kiasi cha kuonekana kwenye vipimo.

Huna mzani? Chukua kamba, ikate iwe sawa na urefu wako kuanzia kisigino hadi utosini, kisha ikunje katikati. Izungushe kiunoni, usawa wa kitovu, bila kubana tumbo. Ikiwa ncha hazikutani, mafuta ya tumboni yamezidi. Mjamzito kipimo hiki hakimhusu.

Sasa kuna msikilizaji atasema, "Mimi nalima, mazoezi ya nini tena?" Hoja yake ni ya kweli. Kulima kwa jembe la mkono, kuchota maji na kutwanga ni mazoezi kamili. Tatizo ni kwamba shamba lina msimu. Baada ya mavuno kazi inapungua, chakula kipo, fedha kidogo ipo, na sahani inabaki ileile ya wakati wa palizi. Wapo pia waliohama kabisa: aliyekuwa akitembea kwenda gulioni sasa anapanda bodaboda, na dereva wa hiyo bodaboda naye anashinda amekaa. Fundi cherehani na mwenye duka hali ni hiyohiyo.

Tuje jikoni, maana uzito mwingi unaingilia huko. Chai kwanza. Kijiko kidogo cha sukari, kikiwa sawasawa bila kilima, kina takriban gramu nne. Wengi wetu tunachota na kilima. Ukiweka vijiko vitatu kwa kikombe na kunywa vikombe vitatu kwa siku, umefika gramu 36 hata kama vijiko havikujaa, na bado hujagusa soda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ni bora zaidi akibaki chini ya 25. Usiache kwa mkupuo, utarudi tu. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Tangawizi, mchaichai au mdalasini husaidia chai isikose ladha.

Mafuta ya kupikia ndiyo yanayojificha zaidi. Kijiko kimoja kikubwa kina takriban kalori 120, karibu sawa na zile anazotumia mtu wa kilo 70 akitembea kwa nusu saa. Tazama samaki wetu: anakaangwa mpaka anakauka, halafu anaungwa tena kwa mafuta mapya. Mara mbili! Mafuta ukiyamimina kutoka kwenye dumu huwezi kujua kiasi, kwa hiyo yapime kwa kijiko. Kisamvu kikiwa tayari na nazi au karanga, hakihitaji mafuta mengine.

Ugali hauna kosa. Kosa ni mlima wa ugali na kijibakuli cha mboga. Geuza: mchicha, matembele au mnafu vichukue nusu ya sahani, ugali robo, maharage, dagaa au samaki robo. Kama mnakula sinia moja, anza na mboga na maharage, ugali ufuate. Dona hukaa tumboni muda mrefu kuliko sembe, kwa sababu pumba na kiini cha hindi havijatolewa. Na tunda lile kama tunda. Juisi yenye sukari ni soda yenye jina zuri.

Kuhusu mazoezi, watu wengi huacha kwa sababu walichagua yanayowachosha roho. Kinachotakiwa ni angalau dakika 150 kwa wiki, mfano nusu saa kwa siku tano, na mwili haujali kama ulikuwa unacheza. Akina mama, ile rede na kuruka kamba mlivyoacha shuleni bado vinafanya kazi. Ngoma ya nguvu nayo inahesabiwa, vilevile baiskeli na mpira wa jioni wa maveterani. Mchakamchaka wa kikundi ni mzuri kwa sababu usipotokea, wenzako watakugongea mlango. Kasi inayofaa ni ile unayoweza kuzungumza lakini kuimba kunakushinda (wale waliokuwa wakiongoza nyimbo za mchakamchaka, hao tuwaache na mapafu yao).

Tarajia kupungua nusu kilo hivi kwa wiki, pengine chini ya hapo. Zile chai za "kukata tumbo" zinazouzwa mitandaoni, nyingi zinakuharisha tu. Mzani unashuka kwa sababu umepoteza maji, mafuta yako palepale.

Kama unatumia dawa za kisukari au presha, zungumza na mhudumu wa zahanati kabla hujabadili mlo au kuanza mazoezi, kwa sababu dozi inaweza kuhitaji kurekebishwa. Mjamzito asijaribu kupunguza uzito. Ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu unapofanya mazoezi, simama na uende hospitali. Na ukiona unakonda bila kubadili chochote, hasa ukiwa na kikohozi, homa, jasho la usiku, kiu kali au kukojoa mara kwa mara, hapo yule jirani anayeuliza kama unaumwa yuko sahihi: kapime.