Uzuri wa magari ya zamani ya Ulaya ulivyopimwa na vumbi la Dodoma

Wapenzi wa magari ya zamani ya Ulaya wanapokutana, sifa huanza na yale ya matajiri: Ferrari nyekundu, Jaguar yenye boneti ndefu. Katika uwanda wa kati wa Tanzania magari ya aina hiyo hayakuwa na nafasi. Huku umbo la gari lilihukumiwa na makorongo, mchanga wa kiangazi na udongo mweusi wa mbuga ambao mvua ya Januari huugeuza gundi. Yaliyoshinda hukumu hiyo yana uzuri wake, na kila mkunjo wa bati una sababu.

Tazama Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe. Uso wake hauna wavu wa kupitishia hewa kwa kuwa hakuna rejeta ya kufichwa nyuma yake. Injini iko nyuma na hupozwa kwa upepo wa feni. Katika nchi kame kama Ugogo, ambako maji hufuatwa mbali kwa ndoo, gari lisilodai maji lilikuwa mgeni mwenye adabu. Uzito wa injini hiyo, ukikaa juu ya magurudumu yanayosukuma, uliisaidia kutoka kwenye tope. Haishangazi kwamba iliongoza mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Peugeot 404, iliyotoka mwaka 1960, ilikuwa na madaha zaidi. Ilichorwa na Pininfarina wa Turin, Italia: mistari iliyonyooka, paa jepesi, mapezi mawili madogo nyuma. Karakana hiyo hiyo ilikuwa imewachorea Waingereza Austin Cambridge ya mwaka 1959, na mtu aliyeona mojawapo kwa mbali alilazimika kusubiri ikaribie ndipo aitambue. Chini ya sura hiyo ya mjini kulikuwa na springi laini zenye kuchezea mashimo bila kuvunjika. Ilishinda Safari mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell.

Hata hivyo, gari lililozoeleka kuliko yote katika barabara za Kondoa, Mpwapwa na Manyoni ni Land Rover, hasa ile ndefu iitwayo 109. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa mgao, hivyo kampuni ya Rover ikatengeneza bodi kwa mchanganyiko wa alumini. Bati zikaachwa bapa kwa sababu zingeweza kukunjwa kwa mikono bila mashine za gharama. Mwaka 1958 mchoraji David Bache aliupa ubavu wake mviringo kidogo, na mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamishwa kutoka katikati hadi juu ya magurudumu. Zaidi ya hapo hakuna pambo. Vile vidirisha viwili chini ya kioo cha mbele, ambavyo wageni huvidhania urembo, hufunguliwa ili dereva apate hewa.

Hewa kavu ya uwanda huu, iliyoyatesa magari hayo yalipokuwa kazini, sasa ndiyo inayoyahifadhi. Gari lililoegeshwa Dodoma haliliwi na kutu upesi kama lile linalopigwa na chumvi ya bahari Dar es Salaam. Kinachoyamaliza ni mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu. Alumini ina bei kuliko chuma, na huyeyushwa ikawa masufuria; bodi ya Land Rover iliyokaa miaka ishirini nyuma ya gereji haikosi mnunuzi. Nyingine hupona kwa kuwekewa injini ya Kijapani. Wapenzi wa asili hulalamika, lakini lawama hiyo si ya haki, kwa kuwa umbo limebaki na gari linatembea.

Mwezi Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha, kaskazini mwa barabara ileile inayopita Dodoma, Kondoa na Babati na ambayo lami yake ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018. Tangu hapo hata aliyekuwa akiiona 109 kama mzigo ameanza kuuliza bei. Mnunuzi anayejua kazi yake hatazami rangi kwanza. Bodi ni alumini lakini fremu ni chuma, kwa hiyo huinama chini ya gari na kuigonga fremu kwa nyundo ndogo, kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza mlio.