Joto la shambani na hasara ya zabibu njiani

Wafanyabiashara wanaonunua zabibu Dodoma na kuzipeleka Arusha, Nairobi na masoko mengine ya ukanda huu hulaumu barabara au foleni ya mpakani pale mzigo unapofika umenyauka. Hata hivyo, sehemu ya hasara hiyo huanza wiki kadhaa kabla ya lori kupakiwa, wakati tunda likiiva juani.

Ikumbukwe kwamba zabibu si kama ndizi au embe. Ndizi iliyokatwa mbichi huendelea kuiva ghalani, lakini zabibu ikishakatwa haiongezi utamu. Mnunuzi hupata kile tu ambacho mzabibu ulikwishaweka ndani ya punje.

Kinachotokea joto likizidi

Punje huanza zikiwa ngumu, za kijani na chachu. Baadaye hulainika na kubadili rangi, sukari inaingia kutoka kwenye majani na uchachu unapungua. Toka hapo hadi mavuno huwa ni wiki 5 hadi 8, kutegemea aina.

Majani hutengeneza sukari vizuri joto likiwa nyuzi 25 hadi 30 za Sentigredi. Likipita 35, hasa udongo ukiwa mkavu, mzabibu hufunga vitundu vidogo vya majani ili usipoteze maji. Tatizo ni kwamba vitundu hivyo ndivyo vinavyoingiza hewa ya kutengenezea sukari. Mmea huokoa maisha yake, na tunda huchelewa kuiva.

Uchachu nao huathirika. Zabibu ina asidi kuu mbili, tartariki na maliki. Tartariki huvumilia joto, lakini maliki huisha haraka, na tunda huwa tamu lakini limepooza mdomoni. Kiwanda cha mvinyo kinaweza kulazimika kuongeza asidi, ambayo ni gharama. Aidha, rangi ya zabibu nyekundu na nyeusi hufifia, na mteja sokoni hudhani hazijaiva.

Dodoma haina joto la jangwani. Iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hata Oktoba na Novemba, miezi yake ya joto zaidi, wastani wa joto la mchana ni takriban nyuzi 30 tu. Lakini punje iliyo wazi juani inaweza kuizidi hewa kwa nyuzi 10 au zaidi. Hapo ngozi hubabuka, hupata madoa ya kahawia, na punje husinyaa.

Mavuno ya Dodoma ni mawili kwa mwaka: karibu Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Mavuno ya pili hufaidika na usiku wa baridi wa Juni na Julai. Mnunuzi anayemwambia mkulima asubiri hadi Oktoba ili utamu uongezeke anaiweka zabibu kwenye jua kali zaidi.

Kipima sukari kinaweza kudanganya

Wanunuzi wengi hutegemea kipimo cha Briksi, na zabibu za kula kwa kawaida huvunwa zikifika 16 hadi 18. Lakini punje iliyosinyaa nayo husoma juu, si kwa sababu imeongeza sukari bali kwa sababu imepoteza maji. Mkulima anapoteza kilo, na mnunuzi anachukua tunda lisiloweza safari.

Kwa hiyo pima punje za kivulini na za upande wa jua la mchana, kisha linganisha. Onja pia: tunda zuri lina uchachu kidogo. Tazama vikonyo, viwe vya kijani, na kataa vichala vyenye madoa au punje laini.

Kabla ya kupakia

Mkulima anaweza kupunguza madhara kwa kuacha majani ya kutosha juu ya vichala, hasa upande wa magharibi, na kumwagilia kabla mzabibu haujanyong'onyea.

Kwa msafirishaji, zabibu iliyokatwa saa nane mchana hupanda lorini na joto lote la shamba. Vuna alfajiri, weka kreti kivulini, na ukipata chumba baridi poza mzigo kwanza. Zabibu hukaa vizuri karibu na nyuzi 0, penye unyevu wa kutosha. Lori la jokofu hutunza ubaridi uliopo. Halikuundwa kupoza haraka tani nzima za matunda ya moto. Kwa lori la kawaida, safiri usiku na uache hewa ipite chini ya turubai.

Kutoka Dodoma hadi Namanga kupitia Kondoa, Babati na Arusha ni zaidi ya kilomita 500. Mzigo ukipoteza asilimia 2 au 3 tu ya uzito wake kwa kukauka, vikonyo huanza kuwa vya kahawia na mnunuzi huanza kushusha bei. Katika tani 5, asilimia 3 ni kilo 150 zilizolipiwa shambani ambazo hazitafika kwenye mizani ya sokoni.