Mwanafunzi Hodari wa Hisabati: Apandishwe Darasa au Aongezewe Kazi?

Katika shule nyingi za msingi huwapo mwanafunzi ambaye, kabla mwalimu hajamaliza kuandika maswali kumi ubaoni, yeye ameshajibu saba. Akishakabidhi daftari lake hukaa bila kazi hadi kipindi kiishe, na akichoka kukaa huanza kuwachokoza wenzake. Baadhi ya wazazi wakiiona hali hiyo hufika shuleni kuomba mtoto arushwe darasa. Wengine hawaulizi, kwa kudhani kuwa jambo hilo haliwahusu.

Makala hii inaeleza njia za kumwendeleza mwanafunzi wa aina hiyo, mambo ya kupimwa kabla ya uamuzi, na ngazi ambazo mzazi anapaswa kuzifuata.

Hisabati ni ngazi

Katika baadhi ya masomo, mwanafunzi aliyekosa mada moja anaweza kuisoma baadaye bila madhara makubwa. Hisabati haiko hivyo. Asiyemudu kuzidisha hawezi kugawanya. Asiyemudu kugawanya hataelewa sehemu. Na asiyeelewa sehemu atasumbuka katika desimali, asilimia, uwiano, na hatimaye aljebra katika sekondari. Pengo lililoachwa Darasa la IV linaweza kujificha kwa miaka miwili kabla ya kuonekana.

Ndiyo maana kasi ya kujibu, peke yake, si kipimo cha kutosha. Wapo watoto wanaojibu haraka kwa sababu wameelewa, na wapo wanaojibu haraka kwa sababu mada hiyo waliishaisoma kwenye tuisheni wiki iliyotangulia. Darasani wote wawili huonekana hodari. Tofauti yao hujitokeza pale swali linapobadilishwa sura.

Njia tatu za kumwendeleza

Njia ya kwanza ni kumwacha mwanafunzi katika darasa lake na kumpa kazi yenye kina zaidi. Si kumwongezea maswali ishirini ya aina ileile, kwani hiyo huwa kama adhabu ya kumaliza mapema. Hupewa mafumbo yenye hatua mbili au tatu, huombwa kutafuta njia ya pili ya kupata jibu lilelile, au kutunga swali lake mwenyewe na kulieleza. Njia hii haihitaji mabadiliko ya ratiba, ingawa katika darasa lenye wanafunzi wengi inamtaka mwalimu kujiandaa zaidi.

Njia ya pili ni mwanafunzi kuhudhuria kipindi cha Hisabati katika darasa la juu, kisha kurudi kwa wenzake kwa masomo mengine. Humfaa mtoto aliye mbele katika Hisabati lakini wa kawaida katika kusoma na kuandika. Ugumu wake uko katika ratiba: vipindi vya Hisabati vya madarasa hayo mawili havina budi kuwa katika saa moja, la sivyo mtoto atakosa somo lingine kila siku.

Njia ya tatu ni kurushwa darasa zima. Hapa mtoto huruka masomo yote ya mwaka mmoja, si Hisabati pekee, na huketi na watoto waliomzidi umri. Mapitio ya tafiti za takriban miaka mia moja, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kuwa wanafunzi walioharakishwa kwa jumla waliwashinda wenzao wa rika moja waliobaki nyuma, na walikaribiana kimatokeo na wanafunzi wakubwa waliowakuta katika madarasa ya juu. Kwa hiyo kuharakishwa si jambo la hatari kwa asili yake. Lakini matokeo hayo ni ya wanafunzi waliochaguliwa kwa uangalifu. Si ruhusa ya kumrusha kila aliyeshika nafasi ya kwanza.

Mabadiliko ya mtaala nayo yazingatiwe. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024, na chini yake elimu ya msingi ni ya miaka sita badala ya saba. Mwaka mmoja uliorukwa katika miaka sita ni sehemu kubwa zaidi ya safari ya mtoto kuliko ulivyokuwa zamani, na mada zilizomo ndani yake hazitarudiwa kwa ajili yake peke yake.

Maswali matatu ya kumpima mtoto

Mzazi hahitaji kuwa mwalimu ili kupata picha ya awali. Maswali yafuatayo yanaweza kuulizwa nyumbani, kalamu na karatasi vikiwapo. Kinachotafutwa ni maelezo ya mtoto zaidi ya jibu lenyewe.

1. 402 toa 178. Jibu ni 224. Mtoto aulizwe kwa nini sifuri ya katikati iligeuka kuwa 9 alipokopa. Aliyeelewa ataeleza kwamba 402 imepangwa upya kuwa mamia matatu, makumi tisa na mamoja kumi na mawili. Aliyekariri atasema, "Mwalimu alisema tufanye hivyo."

2. Nusu jumlisha theluthi moja. Wengi hujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, wakapata 2/5. Mtoto aulizwe: je, 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Kwa kuwa ni ndogo, haiwezekani kuwa jumla ya nusu na kitu kingine. Aliyeelewa atatafuta Kigawe Kidogo cha Shirika cha 2 na 3, ambacho ni 6, na kupata 5/6. Mwanafunzi wa madarasa ya chini ambaye hajafundishwa sehemu asiulizwe swali hili.

3. Mama ana lita 5 za mafuta ya kula na anayagawa katika chupa za nusu lita. Atajaza chupa ngapi? Jibu ni 10. Mtoto anayeona neno "nusu" na kukimbilia kugawa kwa 2 atasema mbili na nusu. Huyo anafanya hesabu kabla ya kuisoma habari yenyewe.

Mtoto anayejibu yote matatu na kueleza sababu, huku akiwa hajafundishwa baadhi ya mada hizo darasani, anastahili kufikishwa kwa mwalimu kwa upimaji kamili. Anayejibu bila kuweza kueleza anahitaji kwanza kuimarishwa pale alipo. Hilo halimpunguzii sifa. Linamwepusha kukwama mbele.

Wasioonekana

Suala lenye uzito kuliko yote ni nani anayependekezwa. Mtoto ambaye mzazi wake anafika shuleni mara kwa mara hujulikana upesi. Binti mkimya anayeketi nyuma, anayewahi nyumbani kuteka maji na ambaye hajawahi kuhudhuria tuisheni, anaweza kuwa na uwezo uleule asitambuliwe na yeyote.

Mfano wa jimbo la Florida nchini Marekani unatoa funzo. Katika wilaya moja kubwa ya elimu, wanafunzi wa kujiunga na mpango wa watoto wenye uwezo wa juu walikuwa wakipatikana kwa mapendekezo ya walimu na wazazi. Kuanzia mwaka 2005 wilaya hiyo iliamua kuwapima watoto wote wa darasa la pili bila kusubiri mapendekezo. Wanauchumi David Card na Laura Giuliano, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walibaini kuwa idadi ya watoto wa familia maskini na wa jamii za wachache waliofuzu iliongezeka sana. Watoto hao walikuwapo tangu awali katika madarasa yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila mmoja alipimwa.

Shule za kata zinaweza kulitumia funzo hilo bila mpango mpya wala gharama kubwa. Mazoezi ya darasani, mitihani ya muhula na Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania huwahusu wanafunzi wote. Mwalimu anayepitia matokeo ya Hisabati ya darasa zima, jina kwa jina, huwaona hata wale ambao hakuna aliyewaombea. Kamati ya shule nayo inaweza kuuliza katika kikao: wanaofanya vizuri zaidi ni akina nani, na wanapewa nini cha ziada?

Swali hilo lina uzito kwa sababu nafasi ya kuwakusanya wanafunzi hodari mahali pamoja huja kwa kuchelewa. Shule za sekondari za vipaji maalumu, kama vile Kibaha, Ilboru, Mzumbe na Kilakala, hupokea wanafunzi baada ya kumaliza elimu ya msingi. Kabla ya hapo, mtoto hodari yuko mikononi mwa shule ya kijiji au mtaa wake. Akizoea kwa miaka sita kwamba Hisabati ni kukaa na kusubiri wengine, huenda asifike huko.

Hatua za kufuata

Mzazi aanze kwa mwalimu wa somo la Hisabati, si kwa mwalimu mkuu, na aende na madaftari ya mtoto. Mwalimu wa somo ndiye anayejua mada zilizokwisha kufundishwa na zilizobaki.

Pale inapoonekana kuwa kazi ya ziada haitoshi, suala lifikishwe kwa mwalimu wa taaluma na mwalimu mkuu. Mtoto apimwe kwa maswali ya darasa analotarajiwa kwenda, na asipimwe kwa ya darasa alilopo. Akifikiriwa kurushwa darasa zima, apimwe pia katika Kusoma na Kuandika, na hali yake ya kimwili na kijamii iangaliwe: je, ataweza kucheza, kuzungumza na kujitetea miongoni mwa wakubwa?

Mtoto mwenyewe asikilizwe. Asiyetaka kuwaacha rafiki zake asilazimishwe kwa ajili ya sifa ya familia.

Shule isiyoweza kufikia mwafaka na mzazi ipate ushauri wa Afisa Elimu Kata, na pale inapobidi, wa Idara ya Elimu ya Awali na Msingi katika ofisi ya halmashauri. Mzazi asimhamishe mtoto darasa kwa makubaliano ya mdomo, kwa kuwa kumbukumbu za usajili zisizolingana na darasa analosoma humletea usumbufu wakati wa upimaji na mitihani ya taifa.

Uamuzi wowote utakaofikiwa upitiwe upya baada ya muhula mmoja. Mtoto aliyepelekwa mbele akaelemewa arudishwe bila kudhihakiwa, na aliyebaki akaendelea kumaliza kazi kabla ya wenzake apimwe tena.