Kusoma Siyo Kutamka

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kusoma. Sina maana ya kusoma kwetu sisi watu wazima wenye magazeti mikononi. Nina maana ya mtoto wa miaka minane au tisa aliyefunguliwa kitabu na kuambiwa, "Haya, soma tukusikie." Na ili tuyaone vizuri mambo ya nyumbani, nitawapeleka mbali kidogo, mpaka China.

Katika kitabu cha Kichina cha Darasa la Tatu huko China limekuwamo somo moja linalojulikana sana, liitwalo Haibin Xiaocheng, yaani Mji Mdogo wa Pwani. Ni somo fupi. Linaanza na bahari kwa mbali, linakuja ufukweni, halafu linaingia mjini kwenye nyua za nyumba, bustani na mitaa. Humo mna minazi na mikaratusi, mna kombe za kila rangi, na mna vyombo vinavyorudi na samaki. Mtu wa Tanga au Mombasa akisomewa somo hilo anaweza kudhani anasimuliwa habari za kwao.

Sasa fikirini kazi ya mwalimu. China ni nchi kubwa mno. Mtoto wa Urumqi, kule kaskazini-magharibi, yuko zaidi ya kilometa 2,000 kutoka baharini. Wimbi hajaliona, wala harufu ya mwani haijui. Tena maandishi ya Kichina hayana alfabeti kama yetu. Kila silabi ina alama yake, na alama hizo ni maelfu. Mtaala wa huko unataka mtoto akimaliza Darasa la Pili awe anatambua alama zipatazo 1,600, na kati ya hizo awe anaweza kuandika 800 kwa mkono wake.

Atazimudu vipi? Msaada wa kwanza ni pinyin, mtindo wa kuandika sauti za Kichina kwa herufi za Kilatini, uliopitishwa rasmi mwaka 1958. Katika vitabu vya madarasa ya chini, pinyin huandikwa juu ya alama ili mtoto ajue namna ya kutamka. Lakini pinyin inampa sauti tu. Maana lazima aitafute.

Hapo ndipo mwalimu anapoanza kazi yenyewe. Anaandika ubaoni maneno ya somo: bahari, wimbi, mchanga, ufukwe, ghuba, bandari. Kisha anauliza, "Mnaona nini kinachofanana?" Watoto wanaona kwamba kila alama ina vitone vitatu upande wa kushoto. Vitone hivyo ni maji. Basi hata kabla ya kulijua neno, mtoto anajua kwamba ni jambo la majimaji. Upande wa kulia mara nyingi hudokeza sauti. Alama ya bahari kuu, yang, ina vitone vya maji kushoto, na kulia ina alama ya kondoo, ambaye naye huitwa yang. Kondoo hana kazi baharini. Amekuja kuazima sauti yake tu. Dokezo hilo la sauti halisaidii kila mara, na mtoto hufundishwa hilo pia, ili asikisie ovyo.

Tuchukue na kombe. Katika kitabu cha Darasa la Pili limekuwamo somo zima juu ya alama bei, ambayo zamani ilikuwa mchoro wa kauri. Wachina wa kale walitumia kauri kama fedha, ndiyo maana alama hiyo imo ndani ya maneno ya mali, bidhaa, ghali na kununua. Jambo hili si geni kwetu Afrika Mashariki. Majirani zetu Waganda mpaka leo huita fedha ensimbi, na ensimbi ndizo kauri.

Maneno yakishaeleweka, kazi bado. Mwalimu anawaambia watoto watafute katika kila aya ya mji ile sentensi moja inayobeba aya nzima. Kisha anauliza yale ambayo kitabu hakikuyasema waziwazi. Somo linasema kombe zimelala mchangani kwa upweke. Kwa nini upweke? Kwa sababu watoto wa pale wamezizoea, hawazijali. Kwa hiyo mwandishi anatuambia nini? Kwamba kombe ni nyingi kupita kiasi. Mtoto wa Urumqi ambaye hajaiona bahari anaweza kulifikia jibu hilo kwa akili yake mwenyewe, na hapo ndipo tunaweza kusema kwamba amesoma.

Mtaniuliza, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Kiswahili kimetupa neema ambayo Mchina hana: tunaandika kama tunavyotamka. Mtoto akishajua silabi zake, hakuna neno litakalomshinda kulitamka. Lakini neema hiyo ina mtego ndani yake. Mpe mtoto wa Dodoma sentensi hii: "Ngalawa ilipwelewa karibu na mikoko." Ataisoma bila kukwama, nasi tutampigia makofi. Muulize ngalawa ilipatwa na nini, atakutazama tu. Hajui kwamba maji yalikupwa yakaiacha chombo juu ya mchanga. Mdomo umesoma, kichwa hakikusoma. Mtoto huyo atapanda darasa hadi darasa kwa makofi hayo hayo, mpaka siku ya mtihani atakapoulizwa maana na kukosa la kujibu.

Sisemi kwamba Wachina wamepata dawa ya kila kitu. Kwao watoto hukariri mno masomo kwa kichwa, na kasuku wa Kichina ni kasuku vilevile. Ninachosema ni kwamba maandishi yao magumu yanamlazimisha mwalimu kuuliza maana tangu siku za mwanzo. Yetu mepesi yanaturuhusu kulisahau swali hilo.

Basi leo jioni, baba au mama, mtoto akikusomea ukurasa wake, usiridhike na ufasaha wa ulimi. Mfunike kitabu umuulize: Nani alifanya nini? Kwa nini? Neno hili maana yake nini? Kama nawe hulijui, ulizeni jirani au tazameni kamusi pamoja. Swali halina gharama, na halihitaji kusubiri mwalimu wala serikali.

Hadi juma lijalo, nawatakieni usomaji mwema.