Dume, jike na majina ya samaki wa Ziwa Victoria

LUGHA huvipa vitu majina kulingana na haja ya wasemaji wake. Leo ninakusudia kuifafanua hoja hii kwa kurejelea samaki wa Ziwa Victoria na majina wanayoitwa hapa Kisumu.

Tuanze na jinsia. Wanafunzi wengi huandika 'samaki wa kiume' na 'samaki wa kike'. Kiume na kike huhusishwa zaidi na binadamu: mtoto wa kiume, mtoto wa kike. Kwa wanyama tuna dume na jike. Baadhi ya mifugo imepewa hata majina mahususi, mathalani jogoo na mtetea, au beberu na fahali. Samaki hawakubahatika. Kwani kwa nini? Mfugaji asipojua dume na jike, zizi halitajaa. Mvuvi naye akishavua, samaki ni samaki tu.

Ufugaji wa samaki umeibadilisha hali hiyo. Wafugaji wa tilapia hupendelea madume kwa kuwa hukua haraka kuliko majike, tena bwawa lenye jinsia zote mbili hufurika vifaranga. Ili kuwatenganisha, mfugaji humgeuza samaki tumbo juu na kuchunguza vitundu vyake. Dume ana viwili: cha haja kubwa, na kingine kinachopitisha mkojo na mbegu. Jike ana vitatu, maana mayai yana njia yake.

Kwa fulu, kazi hiyo hufanywa na rangi. Dume hung'aa na huwa na madoa ya manjano, mithili ya mayai, kwenye pezi la chini karibu na mkia. Jike ni wa kijivu au kahawia, na huyaatamia mayai mdomoni. Tatizo ni kwamba majike wa spishi tofauti hufanana mno. Ndiposa neno moja, fulu, likabeba mamia ya spishi.

Wanasayansi walilazimika kubuni majina zaidi, na baadhi wakachota kwetu. Yupo samaki aitwaye *Pundamilia pundamilia*, ambaye dume lake lina milia, na mwenzake *Pundamilia nyererei*, mwenye mgongo mwekundu, aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1985. Huyu wa pili hufugwa katika matangi ya vioo Ulaya na Marekani. Wanaomfuga huko hulitamka neno letu kila siku!

Mwaka 1997, Ole Seehausen na wenzake walionyesha kuwa maji ya ziwa yakichafuka, majike hushindwa kuzibainisha rangi za madume. Spishi mbili huzaana hadi zikawa moja. Kwa hivyo kutotofautisha si kosa la binadamu pekee; hata jike wa fulu hulifanya, naye hupoteza uzao wake. Fauka ya hayo, mbuta, aliyeingizwa ziwani katikati ya karne iliyopita, aliwamaliza fulu wengi kufikia miaka ya 1980.

Hebu sasa tumtazame ngege. Jina hili asili yake ni la *Oreochromis esculentus*, samaki wa jadi wa ziwa hili. Leo ukiagiza ngege Kisumu, utaletewa tilapia wa Nile, ambaye pia ni mgeni. Ngege halisi ametoweka karibu kabisa katika ziwa kuu, ingawa angali anapatikana katika maziwa madogo kama Kanyaboli, kaunti ya Siaya. Wanaisimu huita hali hii uhamisho wa maana: jina limebaki, mwenyewe ameondoka.

Hapo ndipo penye hatari. Jina likihamishwa kimyakimya, wasemaji hawahisi upungufu wowote. Sahani ina ngege, basi ngege yupo. Waandalizi wa kamusi zetu hawana budi kuandika maana zote mbili, ya zamani na ya sasa, na kuwahoji wavuvi wazee kuhusu majina ya fulu kabla hayajasahaulika. Hatuwezi kumlilia tusiyemjua kwa jina.